Siku moja Great St Bernard na mbwa wawili, kupanda kwa miguu na kuona historia: inawezekana?

nyayo_mlimani
Wakuu habari zenu. Mwezi wa saba mimi na mume wangu tutakuwa Uswisi na mbwa wetu wawili, mmoja kijana hatulii na mwingine mzee, anatembea vizuri ila anachoka mapema. Nataka tupande kwa miguu mpaka Great St Bernard, ile njia ya mlimani kule mpakani na Italia, maana habari za wale mbwa wa watawa waliokuwa wanaokoa watu kwenye theluji nimezipenda tangu utotoni na sitaki twende kupiga picha tu turudi, nataka nielewe pale palikuwa na nini. Je siku moja inatosha kutembea na kuingia makumbusho? Na huyu mbwa mzee ataweza? Alafu kile kipipa cha pombe shingoni mwa mbwa wa watawa ni kweli au stori tu?

mzee_wa_vilele
Dada karibu sana, umechagua sehemu nzuri mno. Watu wengi huanzia kijiji cha Bourg-Saint-Pierre, kiko kama mita 1,630, na pale juu ni mita 2,469, kwa hiyo ni mpando wa zaidi ya mita 800, kwenda tu ni asubuhi nzima. Hiyo njia ni ya kale kweli, Warumi walijenga hekalu la mungu wao Jupiter pale juu, na askofu mkuu wa Canterbury kule Uingereza, Sigeric, alipita akitoka Roma mwaka 990. Kwenye miaka ya 1050 hivi Bernard akaanzisha nyumba ya kupokea wasafiri, na watawa wapo mpaka leo. Napoleon naye alivuka Mei 1800 na jeshi la watu kama 40,000, theluji bado imejaa, mizinga wakaifungua, mitutu wakaiweka ndani ya magogo yaliyochimbwa katikati wakaiburuta kwa kamba, mwenyewe kapanda nyumbu. Ukiwa unapanda ile njia na pumzi imekata waza wale waliokuwa wanaburuta chuma.

Kipipa hapana. Kilitoka kwenye picha ya mchoraji Mwingereza Edwin Landseer ya mwaka 1820, watu wakaipenda ikageuka kuwa historia. Ila yule mbwa wa watawa aitwaye Barry ni kweli kabisa, aliokoa watu zaidi ya 40 na mwisho akauawa na askari aliyedhani ni mbwa mwitu.

kamba_ndefu
Mkuu hapo kwa Barry naomba nirekebishe, hakuuawa. Alizaliwa 1800, 1812 akapelekwa mji wa Bern kupumzika uzeeni, akafa 1814 kwa uzee, na mwili wake umehifadhiwa makumbusho ya historia ya viumbe pale Bern. Na alikuwa mdogo kuliko mbwa wa aina ya St Bernard wa leo, kilo 40 na kitu, wakati hawa wa sasa wanafika 70 na zaidi. Mimi hilo linanigusa sana kwa sababu kazi yao haikuwa ukubwa, ilikuwa pua na kujua njia hata ukungu ukishuka, na walitoka pamoja na watu, mbwa anatangulia kufungua theluji kwa kifua na mtu yuko nyuma.

Sasa mbwa wako dada. Ondokeni mapema kabla jua halijakolea, mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, akianza kuhema kwa nguvu, mate yanamwagika na anayumba usimlazimishe hata hatua moja, kivulini na maji ya kawaida tumboni na kwenye miguu. Kagua nyayo kila mkipumzika, mawe ya kule yanakwaruza. Lingine ni ng'ombe, hasa wenye ndama: zunguka mbali, mbwa kwenye kamba, LAKINI ng'ombe akija mbio mwachie mbwa kamba, yeye atakimbia na ng'ombe atamfuata yeye badala yako.

nyayo_mlimani
Asanteni sana jamani, hiyo ya ng'ombe sikuijua kabisa. Kwa hiyo mbwa wangu mzee nimwache?

mama_masikio
Usimwache mpenzi, mgawane. Majira ya joto kuna basi linapanda mpaka juu, mbwa mkubwa naye anakatiwa tiketi, basi mmoja wenu apande na mzee kwa basi, mwingine atembee na kijana mkutane kwenye ziwa la pale juu. Mzee atazunguka lile ziwa taratibu na ndiyo itakuwa siku yake nzuri. Makumbusho mwingie kwa zamu, mmoja abaki nje na mbwa. St Bernard wenyewe utawaona, tangu 2005 wanatunzwa na taasisi ya Fondation Barry ya mji wa Martigny na kiangazi wanapandishwa juu, baridi wanashuka bondeni. Kuokoa watu siku hizi ni helikopta na mbwa wepesi zaidi.

Na mpaka uko palepale ziwani, sanamu ya mtakatifu Bernard iko upande wa Italia, kwa hiyo mkitaka kuifuata mbwa wawe na chipu, pasipoti yao, na chanjo ya kichaa cha mbwa, kama ni ya kwanza iwe imepita siku 21. Kama hawajachanjwa muone daktari wa mifugo wiki hii hii, msingoje mwezi wa saba.