Wiki tatu namfukuzia mdiria, picha zote ukungu. Ninunue lenzi kubwa?

Alfajiri_Mtoni
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nina lenzi ya milimita 300 na kuna mdiria anavua kwenye kijito, yule wa buluu mwenye kifua cha rangi ya chungwa, nampenda huyu ndege jamani hadi naamka kabla jua halijatoka. Sasa nikisogea tu anaruka anaenda zake, na nikibahatika kumpata anakuwa kadoa katikati ya picha, nikikuza ni ukungu mtupu. Nimejichanga kidogo, ninunue ya 600?

KaaKimya
Mkuu hiyo hela iweke kwanza. Acha kumfuata, mngoje. Mdiria ana matawi yake mawili matatu anayarudia kila siku, tafuta tawi lililoinamia maji lenye madoa meupe ya kinyesi, hapo ndo kituo chake. Fika kabla yake, kaa chini kabisa, jifunike kitambaa cha rangi ya majani makavu, jua liwe mgongoni, halafu usicheze. Mimi siku ya kwanza nilikaa masaa matatu sikubonyeza hata mara moja, siku ya nne akatua mita sita tu kutoka nilipo, nikamsikia anampigiza samaki kwenye tawi, ta ta ta, ndo akammeza. Na lenzi yangu ni 300 kama yako.

ShataElfu
Naungana na mkuu hapo juu ila setingi nazo uziangalie, ukungu mwingi unatokana na spidi ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, kuwa ndogo. Akitulia anzia 1/500 ya sekunde, akiruka 1/2500 kwenda juu, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache oto ipande inavyotaka, chengachenga zinasafishika, picha iliyocheza ndo basi tena. Fokasi weka ile ya kuendelea, inayomfuata ndege anavyosogea, lenga jicho. Akianza kutikisa kichwa juu chini ujue anapima maji, bonyeza hapohapo, ukisubiri aruke utabaki na picha ya tawi.

Bi_Korongo
Mwanangu, mtazame samaki mdomoni. Akitaka kummeza mwenyewe anamgeuza kichwa kielekee kooni. Ukiona kichwa cha samaki kimetangulia mbele, huyo anampelekea mwenzake au makinda, na makinda wako kwenye shimo palepale ukingoni. Akikaa na samaki hivyo muda mrefu bila kwenda popote basi wewe ndiye umemzibia njia. Inuka uondoke, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani. Na usimpigie milio ya ndege kwenye simu ili asogee, atadhani kavamiwa, ataacha kulisha.

Alfajiri_Mtoni
Shikamoo bibi. Hapo umenishtua, juzi nilimwona hivyohivyo na samaki kama dakika kumi nami nikawa nafurahi katulia napiga tu picha. Kumbe nilikuwa nawazuilia watoto chakula. Kesho nahamia ng'ambo, mbali na ule ukingo.

Bi_Korongo
Marahaba mwanangu. Hukujua.

Alfajiri_Mtoni
MREJESHO: Leo siku ya tano nipo ng'ambo. Lenzi sijanunua. Tawi lenye madoa nililiona, saa moja kasoro akatua, akatikisa kichwa mara mbili, nikabonyeza. Picha kumi na nne, moja tu ndo kali, ila matone ya maji kwenye mdomo yanahesabika. Samaki kammeza mwenyewe, kichwa kwanza.