Tupeane uzoefu: sifa za kuingia chuo kikuu, wewe ulikwama wapi na ulivukaje?

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu anaaplai digrii mwaka huu na naona anaelekea kulekule nilikochemka mimi, kwa hiyo naomba kila mtu aseme kilichomkuta.

Naanza mimi. Pointi nilikuwa nazo, tena zimezidi, nikaomba uinjinia nikatulia kabisa nasubiri ofa. Jibu likaja sina sifa. Kumbe nilichokuwa nasoma ni kile kiwango cha chini cha chuo kizima, kozi yenyewe ina masharti yake, yako chini kabisa ya ukurasa: hesabu na fizikia lazima, na kila moja imepangiwa alama yake. Fizikia ninayo nzuri tu, hesabu nilishaiacha miaka 2 nyuma. Pointi zangu nyingi zilitoka kwenye masomo ambayo ile kozi haiyaangalii kabisa. Iliniuma sana aisee, maana hakuna aliyeniambia siku ile naacha somo kwamba nafunga na milango ya mbele.

Mdau wa 1: Pole mkuu. Mimi nilisoma IB, ule mfumo wa kimataifa wa sekondari, nikajua ukishapata diploma yao umemaliza. Diploma unaipata kuanzia pointi 24 kati ya 45, ila kozi zenye ushindani zinataka juu zaidi ya hapo, halafu wanaangalia mpaka aina ya hesabu uliyosoma. Hesabu za IB tangu 2019 ziko njia mbili na kila moja ina ngazi mbili, na kuna kozi za uinjinia zinakubali njia moja tu. Muulize mwalimu kabla hujachagua, sio baada ya mtihani.

Mdau wa 2: Mimi lugha ndo iliyonikwamisha. Walitaka IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, wastani 6.5 na kila kipengele kisishuke chini ya 6. Nikapata 6.5 yangu nikashangilia nyumba nzima, kuja kuangalia vizuri kusikiliza 7, kusoma 7, kuongea 6.5, kuandika 5.5. Ikabidi nirudie. Na msifanye mapema sana maana vyuo vingi wanayakubali matokeo yake kwa miaka 2 tu.

Mdau wa 3: Mimi nilipitia diploma ya chuo, GPA safi, wakaniambia diploma yako haiendani na kozi unayoomba. Nikaandika barua pepe kwa watu wa admisheni nikaambatanisha transkripti na maelezo ya kila somo nililosoma, baada ya wiki kadhaa wakanihamishia kozi ya jirani ambayo nina sifa zake. Nimemaliza na naipenda kazi yangu.

Mdau wa 4: Kurudia somo moja sio aibu jamani. Mimi nilirisiti kemia peke yake, ila kwanza niliwauliza kama wanakubali matokeo ya vikao viwili tofauti vya mtihani, maana kuna kozi wanataka yote ya mkupuo mmoja.

Mwanzisha mada: Asanteni sana, hiyo ya vikao viwili nilikuwa siijui kabisa. Nimekaa na dogo jioni hii, anataka famasia, baiolojia na kemia anazo vizuri, tumeshuka mpaka chini ya ukurasa tumekuta na hesabu ya ngazi ya chini inatakiwa. Cheti chake cha nyuma kiko kwa mama, kesho asubuhi tunakifuata tuione hiyo alama kabla hajalipia fomu.