Artemisinini hutoka katika damu baada ya saa chache. Kwa nini basi dozi ni ya siku 3?

Swali

Habari zenu, ndugu. Nimesoma kwamba artemisinini, dawa ya malaria itokanayo na mmea wa pakanga (Artemisia annua), huua vimelea haraka mno, lakini yenyewe haikai katika damu zaidi ya saa chache. Kama ndivyo, kwa nini tunameza vidonge siku 3, tena vyenye dawa ya pili ndani yake? Na inawezaje kuua kimelea bila kuangamiza chembe zetu nyekundu za damu?

Jibu la 1

Naanza na swali la mwisho. Dawa hii huingia mwilini ikiwa imelala, na kimelea chenyewe ndicho kinachoiamsha. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu, kimelea hula himoglobini, na katika kuimeng'enya huiacha wazi hemu, ile sehemu yenye madini ya chuma ambayo katika chembe yenye afya huwa imefungwa ndani ya protini. Molekuli ya artemisinini ina daraja la atomu mbili za oksijeni. Daraja hilo likikutana na chuma kilichoachwa wazi huvunjika, na hapo huzaliwa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyepesi mno kushikana na vingine, zinazong'ang'ania protini nyingi za kimelea kwa wakati mmoja na kuziharibu. Chembe isiyo na kimelea haina chuma cha namna hiyo kwa wingi, ndiyo maana husalimika.

Jibu la 2

Kuhusu siku 3, tupige hesabu. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, humaliza mzunguko wake katika damu kwa saa 48 hivi, na katika kila mzunguko artemisinini inaweza kupunguza idadi ya vimelea mara 10,000. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuwa na vimelea trilioni 1. Siku 3 zinagusa mizunguko miwili: trilioni inashuka hadi milioni 100, kisha hadi 10,000. Hao waliobaki wanatosha kabisa kuurudisha ugonjwa, na ndio kazi ya dawa ya pili katika dawa mseto. Lumefantrini, kwa mfano, hudumu mwilini siku kadhaa, ingawa hufyonzwa vibaya isipomezwa pamoja na chakula chenye mafuta, jambo ambalo wengi hulipuuza.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Je, kuchemsha majani ya pakanga na kunywa hakutoshi?

Jibu la 3

Hapana. Artemisinini huyeyuka kidogo tu katika maji, na kiasi kilichomo katika majani hutofautiana, kwa hiyo mnywaji hajui amepata dozi gani, wala hakuna dawa ya pili ya kumalizia. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa baada ya kuachana na joto kali: maandishi ya kale ya Ge Hong, tabibu wa China, yalielekeza kuloweka mmea na kukamua maji yake, naye akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi.

Niongeze jambo moja kwenye Jibu la 1. Vimelea sugu vyenye mabadiliko katika jeni ya K13 hula himoglobini kidogo vikiwa vichanga, hivyo chuma cha kuiamsha dawa hupungua, na kwa kuwa dawa hutoka haraka, baadhi yao huweza kuisubiri ipite.