Excel inageuza mwisho wa namba ya NIDA kuwa sifuri

Swali: Habari za kazi, wanajukwaa. Ninaandaa orodha ya wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kila ninapoingiza namba ya NIDA (namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania) yenye tarakimu 20, seli inaonyesha kitu kama 1.99001E+19. Nikibadili muundo wa seli kuwa Number, tarakimu tano za mwisho zinakuwa sifuri. Namba za simu nazo zinapoteza 0 ya mwanzo. Nifanyeje?

Jibu la 1: Ndugu, kompyuta yako ni nzima. Excel huchukulia namba hiyo kuwa kiasi cha kukokotoa, nayo hutunza tarakimu 15 tu za kiasi chochote. Chagua safu nzima, ipe muundo wa Text, kisha ndipo uandike. Ukiweka muundo huo baadaye, tarakimu zilizopotea hazirudi, hivyo itabidi urejee fomu za wanachama. Kwa seli chache, kutanguliza alama ya ' kunatosha. Namba ya NIDA ikiandikwa na vistari vyake, Excel huiacha kama ilivyo.

Jibu la 2: Naongezea: kama orodha imetoka kwenye mfumo mwingine kwa faili la CSV (faili la maandishi ambalo data zake hutenganishwa kwa mkato), usilifungue kwa kulibofya mara mbili, kwa sababu uharibifu hutokea papo hapo. Pitia menyu ya Data, chagua From Text/CSV, kisha Transform Data, na uzipe safu hizo aina ya Text kabla ya kupakia.

Muulizaji: Ahsanteni. Safu ya simu imekubali. Za NIDA naziandika upya.