Wifi ya gesti, VPN au bando lako: ipi salama kwa akaunti ya benki?

MwanaUjiji: Wakuu, nalala sana gesti hapa Kigoma mjini nikisubiri mzigo bandarini. Wifi yao ina neno la siri, lakini limebandikwa kaunta, kila mgeni analo. Wauzaji wangu wa dagaa nawalipa kwa simu, na salio la benki naangalia kwenye app. Niitumie tu, niweke VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwa njia iliyofichwa hadi kwa kampuni yake), au nibaki na bando langu?

FundiSimu_Mwanga: Itumie mkuu. Hofu nyingi ni za zamani. Mwaka 2010 ilitoka Firesheep, programu ndogo ya kuongeza kwenye Firefox. Mtu asiye mtaalamu, akiwa wifi moja na wewe, aliingia Facebook yako bila neno la siri, maana tovuti nyingi zilisimba (zilificha kwa msimbo) ukurasa wa kuingilia tu, yaliyobaki yakapita wazi. Leo https, yaani kusimba mawasiliano yote kati ya simu na tovuti, imeenea. Mgeni wa chumba cha pili anaweza kujua umefungua benki gani, salio haoni.

BintiKibirizi: Kaka Fundi, nakubali nusu. Mtu anawasha hotspoti ya simu yake, anaipa jina lile lile la gesti na neno lile lile la kaunta, simu yako inajiunga yenyewe. Kisha unaletewa ukurasa unaodai barua pepe na neno la siri ndipo upate intaneti. Ukijaza, https haikuokoi, umempa mwenyewe. Na kivinjari kikionya kuwa cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze "endelea". Tafadhali sana, hapo funga utoke.

MzeeWaGungu: Kuhusu VPN, vijana, mwenye wifi haoni unakoenda, ila mwenye VPN sasa ndiye anayeona. Ya bure anailipiaje mitambo? Tena Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza kuwa watumiaji wa VPN wajisajili. Usipakue tu kwa kuwa jirani kapakua.

MwanaUjiji: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ila data chumbani inakatikakatika.

BintiKibirizi: Basi walipe kwa menyu ya kawaida, *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money. Haipiti kwenye intaneti kabisa, inataka mnara wa simu tu, kwa hiyo wifi ya gesti haihusiki hata kidogo. Angalia tu aliyekaa nyuma yako unapobonyeza namba ya siri. Kwa app ya benki, zima wifi, sogea penye mtandao, washa data. Kuangalia salio hakuli bando kubwa. Wifi ya gesti iachie mpira na habari.

FundiSimu_Mwanga: Kwa malipo naungana na dada. Ukiondoka, ingia kwenye mipangilio ya simu uifute ile wifi isijiunge tena. Na leo hii weka uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri, kisha msimbo wa kutumia mara moja) kwenye barua pepe kabla ya akaunti nyingine yoyote, kwa sababu anayeishika hiyo anabadilisha maneno ya siri ya kwingine kote.

MwanaUjiji: Msimbo uje kwa SMS au kwa app?

FundiSimu_Mwanga: App ya kutengeneza misimbo ni bora, maana laini inaweza kusajiliwa upya na tapeli. Kama huna, SMS ni bora kuliko kukosa.