Miaka minne nasubiri toleo la 12 la Windows, leo ananijibu "nilisema huenda"

Kizazi_cha_Saba (mleta mada)

Wakuu leo sina salamu, vidole vinatetemeka hapa nikikosea herufi mtajaza wenyewe.

Mnamjua. Simtaji maana hata nisipomtaja mshamjua, yule wa "vyanzo vyangu vya ndani", yule ambaye uzi wowote ukigusa Windows yeye ndo wa kwanza kukomenti na skrinishoti yenye duara jekundu, na ndani ya duara hakuna kitu, unakodoa macho mpaka yanataka kudondoka kwenye kibodi huoni kitu, ila yeye kakiona, ni kona ya dirisha la toleo lijalo imejikunja kwa namna ya kipekee. Huyo huyo.

Leo nimemuuliza kwa adabu zote, mkuu vipi lile toleo la 12 ulilosema linatoka 2024, mbona kimya? Swali la mtu mzima kwa mtu mzima. Jibu lake naliweka lote maana ni fupi:

"Nilisema huenda."

Na imoji ya mtu anapandisha mabega.

Ngoja niwape chanzo msije mkasema nakurupuka. Mashine yangu ina prosesa ya Intel kizazi cha saba. Wenzangu wa kizazi cha saba mnaelewa, sisi ni wale tuliofungiwa mlango na mguu mmoja ukiwa ndani. Oktoba 2021 toleo la 11 linatoka, naendesha kile kiprogramu cha kukagua, msalaba mwekundu. Ram gigabaiti 16, diski ina nafasi ya kucheza mpira, ile chipu ya usalama TPM 2.0 ipo, nimeingia mipangilio ya BIOS mwenyewe saa saba usiku kuiwasha kama mwizi, lakini wapi, wanataka kuanzia kizazi cha nane. Yaani mashine inanyimwa kazi kwa sababu ya umri wakati inafanya kazi kuliko vijana.

Nikaja humu kuomba ushauri ninunue nyingine au nivumilie. Nani akajibu kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe cha kutuma? Akanambia usinunue, 12 inakuja 2024, masharti ya prosesa yanalegezwa, subira yavuta heri. Nikasubiri mimi!

Na msiniulize kwa nini nilimwamini, mlimwamini wote. Si alipatia Juni 2021? Ile picha ya mwaliko wa tukio la Microsoft, mwanga unapita dirishani unaanguka chini, ule mti wa kulala wa katikati ya dirisha kwenye mwanga haupo, zimebaki nguzo mbili zimesimama kama namba 11. Akasema hii ni 11. Ikaja video ya milio ya kuwakia imepunguzwa kasi, dakika 11. Tukio lenyewe limepangwa saa tano asubuhi ya New York, ambayo wenzetu wanaiandika 11. Tarehe 24 ikatangazwa kweli 11. Tangu siku hiyo jamaa hatembei, anaelea.

Oktoba 2022 kwenye mkutano wao ikapita picha sekunde chache, ule upau wa chini umenyanyuka unaelea, saa imehamia juu. Jamaa kapima pikseli kama fundi nguo. 2023 kaleta jina la siri, Hudson Valley, analitamka kama amezaliwa huko. 2024 ikafika, kikatoka kitu kinaitwa 24H2, nikafungua kuangalia, bado ni 11! Akasema hiyo ni 12 imevaa nguo za 11. 2025 ikaja 25H2, wenye 11 wanasema waliwasha upya mara moja ikaisha, hata chupa ya maji hujafungua. Na 14 Oktoba 2025 sapoti ya 10 ikafungwa. Nimekaa mbele ya mashine siku hiyo peke yangu mimi na ile notisi ya skrini nzima tunatazamana.

Halafu mtu anakwambia NILISEMA HUENDA.

Nimerudi kusoma maandiko yake yote, nimekesha wakuu, na kinachoniua ni kwamba ni kweli. Ipo! Herufi kubwa: 12 INAKUJA 2024, MASHARTI YANALEGEZWA, KIZAZI CHA SABA KAENI MKAO. Imoji za moto sita, nimezihesabu. Halafu chini kabisa, mstari wa peke yake, herufi ndogo, bila hata nukta: "huenda". Ile huenda imejificha pale kama panya chini ya kabati inangoja 2025 ifike itoke.

Kwani huenda ni nini? Mbona zangu zote zimeenda tu hazijarudi.

Na hata dakika kumi hazijapita tangu anijibu ameshafungua uzi mpya. "Toleo la 13: Tunachokijua Mpaka Sasa". 13 wakuu. 12 imezikwa lini?

Kidole_Kimoja

Nimesoma "huenda" ya mwisho tu. Pole mkuu.

bodi_mama

Mleta mada hebu tulia kwanza. Kile kivuli cha 2021 dunia nzima ilikiona siku ile ile, hata mimi nilikiona na sijawahi kujiita mnajimu. Tena kabla ya tarehe 24 faili zima la kuinstoli lilishavuja, watu wameshaliweka kwenye mashine zao wanabofya menyu iliyohamia katikati. Ulimpa cheo mtu kwa kusoma namba iliyokuwa imeandikwa.

Kizazi_cha_Saba

Sawa lakini hoja sio kivuli. Hoja ni huenda.

Mzee wa Longhorn

Miaka minne ndo unalia? Kaa chini mwanangu. XP ilitoka 2001. Baada ya hapo tukaambiwa inakuja Longhorn, na ndani yake kuna WinFS, unatafuta faili kama unavyouliza mtu swali, sio kukumbuka umeliweka folda gani. Nikaacha kupanga mafaili yangu. Kabisa. Nikasema ya nini, WinFS itapanga. Agosti 2004 wakatangaza WinFS haimo tena ndani ya Longhorn. Longhorn ikabatizwa Vista, ikaingia madukani Januari 2007, WinFS haimo, mashine yangu ikiwaka feni inalia kama inataka kuruka. Mafaili mpaka leo hayajapangwa.

Kidole_Kimoja

Mzee mafaili ya tangu 2004 😂😂

Mzee wa Longhorn

Yapo kwenye folda inaitwa "Mpya". Ndani yake kuna "Mpya (2)".

pengwini_mkavu

Ndo maana sisi huku Linux tunalala usingizi. Ubuntu yetu inatoka Aprili na Oktoba, kila mwaka, jina la toleo lenyewe ni mwaka na mwezi. 24.04 imetoka Aprili 2024. Hamna mnajimu anayepata kazi huku. Na hiyo kizazi cha saba yako weka Linux Mint itakimbia mpaka ushangae, mtu ana ram 16 analia njaa.

bodi_mama

Na 6.06 je? Hiyo 06 ni Aprili?

pengwini_mkavu

Ilichelewa mara MOJA, 2006, wakaipa namba ya Juni kwa uaminifu. Wengine wanachelewa wanabadilisha jina. Na kenelo, kiini cha Linux, nayo haina siri, Torvalds mwenyewe aliyeianzisha kasema namba kubwa inabadilika akiishiwa vidole vya mikono na miguu vya kuhesabia. 3.19 ikaja 4.0. 5.19 ikaja 6.0.

bodi_mama

4.20 ilipita wapi kidole?

pengwini_mkavu

Vidole ni ishirini we hesabu vizuri. Mbona unanifuata fuata leo.

Tufaha_Bovu

Namba nyie mnaona shida? Kwetu macOS ilikuwa 15, nimelala nimeamka ni 26. Namba kumi za katikati zimeenda wapi sijui. Eti ilingane na 2026. Nina programu ya kazini ilikuwa inasoma namba ya toleo ikabaki imeduwaa kama mtu kaamshwa usingizini.

Binti_Kodi

Si ndo ile hadithi ya Windows 9. Kutoka 8.1 wakaruka 10, na kuna waliosema ni kwa sababu programu za zamani zilikuwa zinaangalia tu kama jina linaanza na "Windows 9" zikijua ni 95 au 98. Sijui kama ni kweli ila mimi nimewahi kukutana na kodi ya hivyo kwa macho yangu, aliyeiandika ningempata ningemkalisha chini. Hiyo ndo hasira ya maana, sio hii ya huenda.

Kizazi_cha_Saba

Binti_Kodi na wewe? Mtu kanidhihaki na imoji ya mabega. Mabega!

flashi_ya_kale

Ila mkuu mimi sielewi kitu kimoja. Ungechukua flashi, ukaiandaa kwa Rufus, ile programu ya kutengeneza flashi ya kuinstoli, ukachagua kuruka masharti, ungekuwa umeinstoli 11 tangu 2021 na uzi huu usingekuwepo. Umesubiri miaka yote kwa jambo la robo saa?

Kizazi_cha_Saba

Nilitaka kuifanya. Yeye ndo alisema nikifanya hivyo wataniblokia apdeti.

flashi_ya_kale

Alisema au alisema huenda?

Kidole_Kimoja

😭😭😭 mods fungeni

Kizazi_cha_Saba

...nimeangalia. Ipo. Kwenye mabano.

Mzee wa Longhorn

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye alikuchagulia ile ya subira. Methali zipo mbili kijana.

Mtu_wa_8

Mnajua kilichoniuma mimi? Windows 8, 2012. Nawasha mashine mpya, kitufe cha Start hakipo. Kona ya chini kushoto tupu. Mama yangu kanipigia anauliza atazimaje kompyuta, na mimi sijui, mimi niliyemwambia anunue. Akaichomoa ukutani, na aliendelea kuzima hivyo mwaka mzima mpaka 8.1 ilipokirudisha, na kile kilichorudi ukikibofya kinakurusha kwenye vile viboksi vya rangi. Na wanajimu wote walikuwa wamesema tutakipenda.

Binti_Kodi

Mwambie mama achomoe na ya mleta mada.

bodi_mama

Tukirudi kwenye utabiri, mi nachoogopa ni ile ya kulipia kila mwezi. 2023 si lilionekana neno la usajili ndani ya toleo la majaribio, humu kukawa msiba, watu wanagawana urithi. Kumbe ilikuwa ya vifaa vya viwandani huko, IoT. Ila siku ikija nahama siku hiyo hiyo.

pengwini_mkavu

Hamia sasa. Nyumba ipo wazi.

bodi_mama

Nikihamia huko printa itafanya kazi?

pengwini_mkavu

Inategemea printa.

Tufaha_Bovu

Hahaha "inategemea". Hiyo ndo huenda ya Linux.

Swali_Dogo

Samahani wakuu natoka nje ya mada kidogo, kwa kuwa mmegusa printa. Yangu inanambia wino wa bluu umeisha na mimi nataka kuprinti barua, nyeusi tupu, hamna bluu hata kwenye sahihi. Inakataa. Nini hiki?

Mtu_wa_8

Hujatoka nje ya mada, hii ndo mada. Yangu inakataa hadi KUSKANI wino ukiisha. Kuskani kunatumia wino wapi?

Binti_Kodi

Nunueni ya leza muache mateso. Nina moja ina miaka tisa haijawahi kuniuliza swali.

flashi_ya_kale

Leza toleo gani? Yangu baada ya apdeti ya juzi imejigawa, naziona tatu kwenye orodha, jina moja, moja "Nakala 1" nyingine "Nakala 2", na yenyewe mezani ni moja.

Kizazi_cha_Saba

Wakuu naomba turudi. Mtu kaniambia nilisema huenda na kafungua uzi wa 13 una kurasa nne sasa hivi, na wengine wenu nawaona mnakomenti kule.

bodi_mama

Mi nimepita tu. Ila ile skrinishoti ya duara aliyoweka kule kuna kitu kama kipo.

Swali_Dogo

Jamani ya kwangu sasa imekubali nyeusi, nimebadilisha mpangilio wa rangi kwenda kijivu, ila sasa kazi imeganda kwenye foleni, inasema "inafuta" tangu asubuhi na haifuti. Nimezima na kuwasha mara nne.

pengwini_mkavu

Huku kwetu ungeandika cancel -a.

Mtu_wa_8

Huku kwenu isingeonekana kabisa.

Kizazi_cha_Saba

Swali_Dogo sikiliza. Fungua orodha ya huduma, tafuta Print Spooler, isimamishe. Halafu nenda C, Windows, System32, spool, PRINTERS, ikikuuliza ruhusa kubali. Futa mafaili yote yaliyomo ndani, folda lenyewe usiliguse. Rudi uiwashe ile huduma. Usizime mashine, hakuna haja.

Swali_Dogo

Nimefika PRINTERS. Kuna mafaili kumi na mawili, yanaishia SHD na SPL. Yote?

Kizazi_cha_Saba

Yote. Barua utaituma upya.

Swali_Dogo

Foleni imekuwa nyeupe! Nimetuma barua inatoka sasa hivi, mkuu umeniokoa.

flashi_ya_kale

Mkuu Kizazi na zile Nakala za kwangu je?

Kizazi_cha_Saba

Zimeunganishwa kwa waya au wifi? Weka picha ya orodha nizione.