Pepa za urani na pepa za nzi kwa jina moja: huyu ni mtu mmoja ama wawili?

NyotaWendani:

Habari zenu wadau. Niko na swali limenisumbua tangu Jumatatu. Nilimaliza digrii ya zuolojia mwaka jana na sai natafuta supavaiza wa masta, sasa kuna profesa wa nje ambaye nimekuwa nikisoma kazi zake, jina lake silitaji hapa. Profaili yake iko na pepa kama arobaini hivi. Nikaanza kufungua moja moja. Za juu zote ni za urani, vile unga wa urani unaoliwa na maji unaharibika polepole, halafu chuma cha pua kinachokaa ndani ya mtambo wa nyuklia, nikishuka kidogo nakuta nzi wa matunda, eti madume waliopigwa miale ya gama wanaweza kushindana na wale wa shambani kupata majike ama wanalemewa. Halafu urani tena. Halafu nzi tena.

Jirani yangu wa ploti, amesomea kompyuta, ameniambia hio profaili imechanganywa na nisijisumbue kuandika barua. Mamangu naye aliposikia tu neno nyuklia akakaa kitako akaniuliza kama nimechoka na maisha. Kwa hivyo nauliza kwa moyo safi: mtu mmoja anaweza kweli kufanya vitu viwili viko mbali hivi? Na hao nzi wakishapigwa miale si wanakuwa na sumu, tunawaachilia aje kwa mashamba ya watu?

FundiWaPupa:

Dada karibu. Hili swali limenigusa kwa sababu nimefanya kazi ya kulea wadudu kwa maabara miaka kadhaa, si kwa vitabu, kwa mikono yangu. Jirani yako hajakosea kukuonya, lakini hizo kazi mbili haziko mbali vile anadhani.

Kwanza nzi. Kazi hii inaitwa mbinu ya madume tasa. Edward Knipling na Raymond Bushland wa Marekani ndio waliianzisha, walikuwa wanapigana na nzi mmoja ambaye funza wake wanakula nyama ya ng'ombe akiwa mzima, akiwa na kidonda tu basi ameisha. Knipling aliona kwamba ukilea nzi wengi kupita wale wa porini, ukawafanya wasizae kwa kuwapiga miale, ukawaachilia, majike watapandwa na madume ambao hawana faida na kizazi kinachofuata kinapungua, unarudia tena na tena mpaka wanaisha. Mwaka wa 1954 walijaribu kisiwa cha Curaçao na nzi wakaisha kabisa. Wote wawili walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1992.

Na usidhani ni mambo ya mbali. Hapa karibu tu, Unguja, mbung'o walimalizwa hivyo hivyo. Walianza kwa kupunguza na mitego na kupaka ng'ombe dawa, halafu kuanzia 1994 madume tasa waliolelewa Tanga wakawa wanaangushwa kwa ndege, zaidi ya milioni 8 kwa jumla, na kufikia 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Mbung'o ana udhaifu mmoja mzuri sana kwa kazi hii: jike hupandwa mara moja tu kwa kawaida, anahifadhi mbegu mwilini, na anazaa buu mmoja mmoja, si mayai mia. Ukimpata na dume tasa hio mara moja umemmaliza maisha yake yote.

Sasa nikuonyeshe venye inafanywa, ndio uone miale inaingilia wapi. Pupa, yaani buu akiwa ndani ya ganda akigeuka nzi, wa mbung'o ni mweusi, mgumu, saizi ya punje ya mtama. Majike hutoka kwa ganda kama siku mbili kabla ya madume, kwa hivyo ukingoja majike watoke halafu uweke zile zimebaki kwa baridi, umebaki na madume karibu watupu. Unaweka kwa kikopo, kikopo kinaingia kwa mashine yenye kobalti-60 ama sesiamu-137 katikati, hivyo ndivyo vinavyotoa miale ya gama. Pamoja na pupa unaweka kipande cha filamu kidogo kama ukucha, hakina rangi. Kikitoka kimegeuka buluu, na kadiri buluu ilivyokolea ndio unajua wamekula miale kiasi gani. Hata damu ya ng'ombe ya kuwalisha, hio inatoka kichinjioni, inapigwa miale kwanza kuua bakteria kabla ya kuwekwa chini ya utando wanaofyonzea.

Na kuhusu sumu, hapana dada. Miale ya gama inapita mwilini mwa nzi, inakata kromosomu, yaani nyuzi za urithi, za mbegu zake, inatokea upande wa pili. Haiachi kitu. Ni kama eksirei ya hospitali, ukitoka pale hubaki uking'ara. Mwambie mama atulie.

MwalimuWaFizikia:

Nikiongezea hapo kwa FundiWaPupa, kwa sababu mimi nimetoka upande ule mwingine, wa vifaa vya nyuklia, na nafikiri hapa ndipo swali la binti linajibika vizuri.

Yule anayechunguza urani ndani ya maji kwa kweli hachunguzi urani peke yake. Anachunguza maji. Mionzi ikipita kwa maji inavunja molekuli zake na zinazaliwa chembe kali za muda mfupi, pamoja na peroksidi ya haidrojeni, hizo ndizo zinashambulia urani oksaidi, ule unga wa urani uliousoma, na kuila. Sasa pupa wa nzi ni nini? Ni kifuko cha maji chenye uhai. Ukimpiga miale, maji yaliyo ndani yake yanavunjika vile vile na chembe zile zile zinazaliwa, na oksijeni ikiwepo madhara yanazidi. Ndiyo maana watu wa nzi wa matunda wakati mwingine wanapiga pupa zikiwa zimefungwa kwenye hewa isiyo na oksijeni, ama ndani ya naitrojeni, ili dume awe tasa lakini misuli na utumbo wake visiumie sana. Mtu aliyekaa miaka kumi na urani akisikia hivyo anaelewa mara moja, hata kabla hujamaliza sentensi. Kemia ni moja.

Swali lenyewe pia ni moja. Kwa chuma cha mtambo tunauliza kitavumilia mionzi kiasi gani kabla hakijavimba na kuwa cha kuvunjika kama biskuti. Kwa dume wa nzi tunauliza apewe kiasi gani awe tasa na bado aweze kuruka, kuimba mabawa na kumvutia jike. Ukimpa kidogo anazaa, ukimpa nyingi analegea, jike anamkataa, na wewe umelea mamilioni ya nzi bure. Kupata hicho kipimo ni kazi ya mtu anayejua kupima mionzi, na watu hao wanatoka kwa fizikia na kemia ya nyuklia. Hermann Muller alishaonyesha mwaka wa 1927 kwamba eksirei inabadilisha urithi wa nzi wadogo wa matunda, ndiyo akapata Nobeli 1946. Kwa hivyo undugu huu ni wa zamani sana.

Halafu binti, kuna nchi ambazo kituo kimoja cha nyuklia kina idara ya vifaa na idara ya kilimo ndani ya ua mmoja. Trombay, India, ni mfano. Hata kule Vienna, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana kituo cha pamoja tangu 1964, na maabara yao ya wadudu iko Seibersdorf. Mashine ya kobalti ni ghali, ikishanunuliwa kila mtu anaitumia.

Lakini jirani yako usimpuuze. Fikiria hapa kwetu ni J. Kamau wangapi wameandika pepa. Kompyuta inaona herufi moja na jina moja inawaweka kwa kapu moja. Kwa hivyo usiangalie profaili, fungua pepa zenyewe. Tazama taasisi iliyoandikwa chini ya jina, walioandika naye, na ile aya ya shukrani mwishoni, watu hawaisomi lakini ndipo wanataja mashine waliyotumia. Na kama ana namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, hio ni ya mtu mmoja peke yake.

MamaEmbe_Marikiti:

Watoto wangu mimi si msomi lakini nimesoma yote mpaka mwisho. Nauza embe, natoa Makueni. Hao nzi mnaoongea ndio wananimaliza. Embe unaiona nje safi, imeiva vizuri, mteja anakata mbele yako inatoka funza weupe wanaruka kwa ubao, na hio siku hauzi tena hata moja pale. Hao madume tasa watatufikia lini sisi?

FundiWaPupa:

Mama pole sana, hao ninawajua. Huyo msumbufu zaidi kati yao alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003 kule pwani, asili yake ni Asia, na kufikia 2014 nchi yetu ilisimamisha kupeleka embe Ulaya kwa sababu yake. Nikuambie ukweli, madume tasa hufanya kazi vizuri nzi wakiwa wameshapungua na eneo likiwa limezungukwa, kama kisiwa. Shamba moja katikati ya mashamba mia, nzi wa jirani watakuja tu. Kinachosaidia sai ni watu wa eneo zima kufanya pamoja: mitego ya harufu ya kuvuta madume, na zile embe zimeanguka chini zisiachwe hapo hata siku moja, zitiwe kwa mfuko mweusi ufungwe uwekwe juani mpaka funza wafe. Pale Kasarani, icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, wamekuwa wakifundisha haya na hata kuachilia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya huyo nzi. Waambie wanaokuuzia huko Makueni waulize ofisi ya kilimo ya kaunti.

NyotaWendani:

Asanteni sana, na mama asante pia, ulichoandika kimenifanya nione hii kazi ni ya nani.

Nimekaa na laptopu tangu saa mbili usiku nikifanya vile mwalimu alisema. Pepa nne si zake, ni za mtu mwingine wa jina hilo, wa mambo ya udongo, nchi tofauti kabisa. Zilizobaki ni zake. Taasisi ni moja, na kwa shukrani, pepa ya urani ya mwanzo na pepa tatu za nzi zinataja mashine ile ile ya kobalti. Halafu nikapata moja ya katikati, sikuwa nimeifungua, inahusu peroksidi ndani ya pupa zilizopigwa miale, walioandika naye ni wawili wa urani na mmoja wa wadudu. Nimeisoma mara mbili. Kuna mahali hawakujaribu oksijeni ikiwa nusu, wamejaribu hewa ya kawaida na naitrojeni tupu pekee, na hilo ndilo nitamuuliza kwa barua yangu kesho asubuhi.